Ng'ombe wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipozaliwa, mkwe wangu alimpa ng'ombe. Mimi nilimpa migomba.

Mkwe ninayemsema ni mama wa mkamwana wangu, yule bibi wa pili wa mtoto. Yeye ni Morma, mtu wa ng'ombe, na boma lao liko nje ya Garsen kwenye mbuga. Mimi ni Mpokomo, mtu wa shamba na kanisa, nimezaliwa ukingoni mwa mto jirani na Ngao. Kwao mtoto akizaliwa hupewa ndama jike, awe wake kabisa, na chochote ndama huyo atakachozaa ni cha mtoto. Hata babu mwenye boma hamuuzi bila sababu ya mtoto mwenyewe. Kwetu hatuna ndama. Nilipanda safu ya migomba kwenye shamba langu la ukingoni, penye ule udongo mweusi ambao mto huuacha ukirudi nyuma, nikasema mbele ya watu, safu hii ni ya huyu mtoto. Kwa mtu wa mto hiyo si zawadi ndogo.

Kisha zikaja mvua zile zilizokata barabara ya Garsen. Mto ukapanda ukachukua shamba lote, na migomba ya mtoto ikaenda zake na maji, sijui ilifika Ozi au ilifika baharini. Ng'ombe wake yeye aliswagwa mapema akapelekwa nchi ya juu, akarudi amenona, na baadaye akazaa. Ng'ombe ana miguu. Mgomba hauna.

Naanzia hapo kwa sababu wivu wangu ulianzia hapo, kabla ya ugonjwa. Watu hudhani mtoto akiugua sana mambo kama hayo huisha nyumbani. Hayaishi. Yanapata kazi ya kufanya.

Tena kulikuwa na jambo la mwanangu. Alipotaka kumwoa yule binti alisilimu, akabadilisha jina. Nilimzaa mimi, nikambatizisha mimi, nikamfundisha kushika jembe na kitabu cha nyimbo, kisha nikasimama uani mwa watu nikisikia akiitwa jina ambalo sikumpa. Sikulia. Nilikula pilau yao nikarudi nyumbani. Lakini mama yule alipata mwana juu ya binti, na mimi nilibaki na benchi langu kanisani. Hesabu hiyo sikuisahau.

Shamba lilipokwenda na maji nilihamia kwa mwanangu, hapo Garsen mjini. Mkamwana wangu alinipokea vizuri, sina neno baya juu yake. Alinipa chumba, na Jumapili alinifulia kitambaa cha kanisani kabla sijamwambia. Mtoto tulilala naye kitanda kimoja. Alikuwa wa miaka minne, msemaji, hawezi kutulia. Nilimfundisha wimbo wetu mmoja wa Kipokomo, akajua mstari wa kwanza tu. Ile Alhamdu ya bibi yake wa pili aliijua yote, mpaka mwisho, bila kukosea. Nilimwuliza mbona wangu hamalizi.

Akasema, "Wako mrefu, Bibi."

Wangu si mrefu.

Uvimbe ulianza kwenye taya, upande wa kushoto. Tulidhani ni jino. Mkwe alikuja na mafuta ya samli akalisugua shavu, akasoma, akatema mate kidogo kama wanavyofanya. Mimi niliweka mkono juu ya shavu hilohilo nikaomba kwa jina la Yesu. Uvimbe haukusikia Kiarabu wala Kipokomo. Uliongezeka mpaka jicho likaanza kufunga. Tulimpeleka hospitali ya Ngao, na daktari wa pale alitazama mdomoni mara moja akasema tusipoteze siku, twende Mombasa. Mombasa walikata kipande wakakipima, wakamwambia mwanangu neno hilo la saratani. Alinipigia simu akalisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mwizi aliye ndani ya nyumba.

Walisema hii ya taya kwa watoto hutibika, mradi dawa isikatizwe. Kila baada ya majuma kadhaa aende alazwe, awekewe dripu, arudi nyumbani apate nguvu, aende tena. Lakini kila akifika wanapima damu na mwili kwanza. Wakimkuta dhaifu hawampi dawa, wanamrudisha. Na akirudishwa mara nyingi uvimbe unapata nafasi. Hilo ndilo lililokuwa jambo letu lote: afike Mombasa ana nguvu.

Dawa ya kwanza tu, uvimbe ulinywea. Tulishangaa. Kanisani nilisimama nikatoa shukrani, na mama mmoja wa kwaya aliniuliza baada ya ibada, "Tumwombee kwa jina gani mtoto, lile lao au una lako?"

Nikamwambia, "Mungu anamjua. Wewe omba tu."

Lakini neno lake lilinichoma, kwa sababu sikuwa na langu.

Nywele zilinyonyoka. Mdomo ukajaa vidonda. Hapo akaacha kula. Nilimpikia uji wa mchele, akafunga mdomo. Nikamsagia ndizi na samaki, chakula kilicholea ukoo mzima, akageuza uso ukutani. Mayai, supu, viazi, hakuna. Mama yake alilia jikoni. Kisha mkwe akaja asubuhi moja kutoka mbugani na kibuyu chake cha maziwa, kile wanachokifukiza ndani kwa vijinga vya moto mpaka maziwa yananukia moshi. Alimpakata mtoto, akasema Bismillahi, akamnywesha. Mtoto alikunywa kikombe kizima. Akalamba midomo yenye vidonda akasema, "Akko, bado."

Akko ndivyo anavyomwita, ni bibi kwa Kiorma. Mimi ni Bibi tu, kama bibi wa mtu yeyote.

Mkwe alinitazama juu ya kichwa kile kisicho na nywele. Kiswahili chake ni cha kujifunza ukubwani, na mimi changu pia, kwa hiyo tunaelewana bila urembo.

"Mtoto anajua ng'ombe yake," akasema.

"Anajua kiu yake," nikamjibu.

"Wewe ulimpa nini? Samaki yenye masharubu?"

"Kambare amewalea watu kabla nyinyi hamjafika mtoni."

"Ndiyo maana nyinyi mnanuka matope," akasema, akacheka, na mtoto akacheka naye. Mtoto hakuwa amecheka tangu dripu. Ningeweza kumshukuru yule mama kwa hicho kicheko. Sikumshukuru.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Alikuwa akitandika mkeka wake wa sala chumbani mwangu, mtoto anapanda mgongoni akiinama, anateleza akiinuka, na yeye hakatizi sala. Nilikuwa nikiketi kitandani na Biblia yangu ya maandishi makubwa nikijifanya nasoma. Nilimwambia Mungu waziwazi: usimsikie yeye peke yake. Nikaogopa hata kuliwaza lile la pili, lakini lilikuja lenyewe. Mtoto akipona, watasema alipona kwa dua ya nani, na kwa maziwa ya nani? Nilitaka apone. Nilitaka pia niwe ndani ya kupona kwake mahali fulani.

Safari ya tatu walirudishwa. Mtoto alikuwa ameharisha na ana homa, damu iko chini, na hawakumpa dawa. Walimlaza, wakamtibu tumbo, wakamrudisha nyumbani apate nguvu. Mwanangu alipofika alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, hajavua viatu.

"Wameuliza anakunywa nini," akasema.

"Mkasema nini?"

"Maziwa. Sista akauliza, yanachemshwa? Mama mtoto akanyamaza."

Mimi nilijua. Safari ya dawa ya kwanza nilikwenda nao, na sista alitueleza kwamba mtoto wa dawa hii hana kinga, kila kitu kiive, maji yachemke, maziwa yachemke, tunda liwe la kumenya. Nilimjua pia mkwe. Kwao maziwa ya ng'ombe anayekamuliwa hayawekwi motoni, kwa sababu moto unarudi kwenye kiwele na ng'ombe anakauka. Alishika hivyo tangu kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Hakuna aliyesema kwa hakika ni maziwa yaliyomharisha mtoto. Huenda yalikuwa maji, huenda ni dawa yenyewe. Lakini neno la sista lilikuwa upande wangu, na sitaficha, nililipokea kama mtu aliyepewa fimbo.

"Basi asilete tena," nikasema.

"Na atakunywa nini, Mama?"

"Atakula chakula changu."

"Hali chakula chako." Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kunifokea. "Wamesema tukirudi tena akiwa hivi, dawa inazidi kuchelewa. Uvimbe umeanza kugusika tena kwa kidole. Nimeugusa mwenyewe."

Niliinuka nikaenda kuugusa. Ulikuwapo, kama punje ya mahindi chini ya ngozi.

Kesho yake mkwe alipoleta kibuyu nilikipokea mlangoni, nikaingia jikoni, nikayachemsha maziwa kimyakimya yakafura na kushuka. Yalipopoa nilimpelekea mtoto kikombe. Alionja, akakisukuma.

"Hii si ya Akko."

"Ni ya Akko."

"Haina moshi."

Moto wa jiko langu uliua ule moshi wa kibuyu. Nilijaribu kumrubuni kwa sukari, kwa hadithi ya kiboko, kwa kumkemea. Hakuna. Nyuma yangu mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameona sufuria yenye ukoko wa maziwa. Hakupiga kelele. Alijifunga shuka lake vizuri akasema, "Umetia moto ng'ombe yangu," akaondoka. Siku iliyofuata hakuja, wala siku ya baada yake. Mtoto aliuliza Akko yuko wapi mpaka akachoka kuuliza, na kuchoka kwake ndiko kulikonitisha.

Basi nikafunga leso mbili nikaenda bomani kwao. Niliondoka alfajiri. Nilipitia njia ya ng'ombe, vumbi mpaka magotini, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali. Nilimkuta anakamua. Ng'ombe mwenyewe ni mwekundu, pembe moja imeinama, mnyama wa kawaida. Nilikuwa nimemwonea wivu miaka yote hiyo, na sikuwa nimemwona kwa karibu.

"Karibu, mkwe," akasema bila kugeuka. "Umeleta sufuria?"

"Nimekuja kuuliza neno moja. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Unajua."

"Nataka niambiwe."

"Wa mtoto."

"Babu yake anaweza kumuuza?"

"Hapana."

"Wewe unaweza?"

Aliacha kukamua. "Mimi naweza nini? Mimi mchungaji tu."

"Basi maziwa haya si yako, wala si yangu. Ni ya mtoto. Akitaka kuyatia moto ni mali yake. Ng'ombe akikauka, amekauka kwa mwenyewe. Wewe utamzuiaje mtu na mali yake?"

Ndama alikuwa amefungwa pembeni, analia. Nilijua nimemshika kwa sheria ya kwao, si ya kwangu, na kwamba hakuna njia nyingine ningemshika. Sikumsomea Biblia. Sikumtajia hata sista.

"Mtoto hajui mambo ya ng'ombe," akasema mwishowe.

"Uvimbe umerudi, mkwe. Kiasi hiki." Nikamwonyesha ncha ya kidole.

Akatazama kidole changu. Kisha akainuka na kibuyu, akaniambia, "Njoo ukae hapa. Wewe huwezi kuchemsha. Mtu wa mto anajua kuchemsha samaki tu. Maziwa ikishaiva lazima iingie kibuyu ina moshi mpya, ingali moto. Hiyo ndiyo mtoto anataka. Sasa nakufundisha, maana mimi siwezi kutia moto kwa mkono wangu."

Hivyo ndivyo tulivyogawana. Yeye hakugusa sufuria. Mimi niliyachemsha maziwa kwenye mafiga yake, amegeuza mgongo, na nilisikia midomo yake inasoma. Na mimi nilikuwa nasoma yangu, kimoyomoyo, mpaka yakafura. Kisha akaniwekea kijinga cha ule mti wao wa kufukizia mkononi. Unakitia ndani ya kibuyu kilichooshwa, unakizungusha, unakisugua kuta zote, unafunika, unatikisa, moshi unatafuta pa kutokea na unapata macho yako. Nilikohoa mpaka leso ikadondoka.

"Zungusha," akasema. "Huyo si mtoto unambembeleza."

"Macho yanauma."

"Yaume. Mimi yangu yameuma tangu nilipoota matiti."

Wasichana wa bomani walikuwa wamekusanyika kumtazama bibi wa Kipokomo analia machozi juu ya kibuyu. Mmoja akasema kitu kwa lugha yao, wote wakacheka. Niliuliza kasema nini.

"Anasema wewe utaolewa," mkwe akajibu. "Lakini si mwaka huu."

Tukafuta makaa ndani kwa ufagio mdogo, tukamimina maziwa yakiwa bado moto, tukafunga. Nilitaka nikibebe mimi. Hakunipa. Alikibeba yeye njia nzima mpaka Garsen, na mimi nilitembea nyuma yake nikiwa na sufuria tupu, uso mweusi kama wa mchoma makaa. Watu wa stendi walituangalia. Mwanamke mmoja wa kanisani aliniona, akaanza kuniita, akaacha.

Mtoto alikuwa amelala ubavu. Mkwe alimwinua, akasema Bismillahi, akamwekea kikombe mdomoni. Nilisimama mlangoni. Alionja, akatulia, akaonja tena. Kisha akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Ya Akko," akasema.

Hakuna aliyemsahihisha. Mkwe alinitazama, nikatazama sakafu.

Tukaendelea hivyo. Kila asubuhi maziwa yalikuja mabichi kwenye dumu dogo, mimi nachemsha, mimi nafukiza, yeye ananywesha. Mtoto alishika nguvu. Walipokwenda Mombasa walimpima, wakampa dawa. Walipokwenda tena wakampa tena. Ile punje ya mahindi ilipotea chini ya kidole, na ingawa daktari amesema bado tuendelee na tusijitape, mwanangu alirudi safari hiyo akavua viatu kabla ya kukaa. Ijumaa msikitini alitoa sadaka. Jumapili alinisindikiza mpaka mlango wa kanisa, akasimama nje mpaka nilipoingia. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo tangu abadilishe jina. Na mimi nilikaa kwenye benchi langu nikimwuliza Mungu swali lilelile, amemsikia nani. Hakunijibu. Nadhani analiona la kipuuzi.

Lakini nina jambo moja la kumalizia.

Ng'ombe alikauka.

Ilikuwa kiangazi, majani yamekwisha, ndama amekua, na ng'ombe wengi wa mbugani walikuwa wamekauka pia, wa watu ambao hawajawahi kuona sufuria. Mimi nasema ni jua. Mkwe alikuja asubuhi hiyo mikono mitupu. Alisimama uani akasema, "Maziwa imekwisha," akatazama pembeni, upande wa mto. Nilingoja aseme lile lingine. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa na majibu yangu. Hakusema. Alivua viatu akaingia ndani kumwona mtoto, akamchezesha, akasali, akaenda zake. Hakusema siku hiyo, na hajasema mpaka leo, na najua anaamini ni moto wangu.

Ningekuwa mimi, ningesema.

Hilo ndilo ninalomwonea wivu sasa kuliko ng'ombe mwenyewe. Yeye alikuwa na kitu cha kumtolea mtoto yule, kitu alichoamini kitapotea, akakitoa huku amegeuza mgongo, na kilipopotea akanyamaza. Migomba yangu ilichukuliwa na maji. Sikuitoa mimi.

Vidonda vya mdomo vimepungua na mtoto anakula uji wangu wa mchele, lakini kwa sharti. Lazima kwanza uingie kwenye kibuyu kilichofukizwa. Kwa hiyo kila asubuhi naketi uani na kijinga cha moto, nazungusha, nasugua, machozi yananitoka, majirani wamezoea. Mchele nimenunua mimi, nimepika mimi, moshi nimeutia mimi, na kibuyu nakiosha mimi. Jana jirani alimwuliza mtoto anakunywa nini.

"Uji wa Akko," akasema.

Nikamwongezea kikombe.